Duru Zilizopotea Arobaini

Bi Mwamvua aliingia Ofisi ya Marika mkono wake wa kulia ukitetemeka kama wa mgonjwa wa homa. Akasimama mbele ya meza ya Sikudhani, akameza mate, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kunywa shubiri:

"Shikamoo."

Sikudhani alikurupuka kitini nusura mtoto achomoke mgongoni. "Bi Mwamvua! Mimi ndiye wa kukuamkia wewe!"

"Itikia, mwanangu, itikia. Mkono unaniuma."

"Marahaba," Sikudhani akanong'ona, aibu imempanda mpaka masikioni. Papo hapo bangili ya yule mama ikatulia.

Bi Mwamvua akajibwaga kwenye benchi na kuanza kuyasugua magoti yake. "Toka nyumbani mpaka hapa nimeamkia mji mzima. Nimemwamkia muuza maandazi. Nimemwamkia mjukuu wangu Mbarouk, niliyemkata kitovu kwa mkono huu huu. Na mwana hizaya kaniitikia! 'Marahaba, bibi, hujambo?' Nikamwambia ngoja, bangili ina siku yake itavuliwa."

"Pole, Bi Mwamvua."

"Pole bado. Sikiliza hii." Akaibonyeza bangili, nayo ikasoma kwa sauti tamu ya kike: *Mwamvua binti Sheha, umri miaka kumi na tisa. Unatakiwa kufika kwa kungwi siku ya Jumamosi kwa mafunzo ya mwali.*

Sikudhani alijiuma mdomo.

"Cheka tu, mwanangu, hata mimi nimecheka. Kungwi wa mji huu ni mimi! Jumamosi nitajifunda mwenyewe? Nitajifinya nikikosea?" Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini kuna lisilochekesha. Chombo cha daktari kinaondoka kesho usiku. Anatengeneza magoti ya wazee tu, na kesho saa nne asubuhi anafunga orodha. Nimekwenda, kaniangalia bangili, kaniambia, 'Binti, wewe una miaka kumi na tisa, kimbiakimbia kidogo yatalainika.' Akirudi tena ni baada ya miaka miwili, Siku. Mimi kwa miaka miwili hata chooni sitafika."

Sikudhani akamwahidi kwamba ataangalia. Bi Mwamvua akainuka kwa vituo, akatoka, na kutoka barazani akasikika akimwamkia mfagiaji.

*

Mji wa Mtoni ulikuwa Mirihi, na haukuwa na mto. Walioupa jina walikuwa watu wa matumaini.

Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imepoteza maana pale tangu siku Kulwa aliporudi kutoka kufuata vipuri vya pampu. Safari ile alilala usingizi wa barafu, mwili umesimama kama samaki kwenye jokofu, na aliporudi akamkuta pacha wake Doto ana mvi na wajukuu wawili. Wakapigana harusini, mbele ya sinia la pilau, wakigombea nani mkubwa wa kunawishwa kwanza. Ndipo Baraza likakata shauri kwamba umri wa mtu ni umri wa mwili wake, na mwili utasomwa na bangili. Mwaka huu wakaongeza kwamba bangili itetemeke kila mdogo akikutana na mkubwa, mpaka heshima itolewe. Vijana walikuwa wamezidi.

Sasa, bangili haijui umri. Inajua pembe tu. Husoma saa ya damu, ambayo huzunguka duru moja kwa miaka minne, na ikishafika digrii mia tatu na sitini huanza tena sifuri. Ni kama mshale wa saa ukutani: utakuambia ni saa tatu, hautakuambia ni saa tatu ya siku gani. Kwa hiyo mwaka huu ofisi ilianza kutumia programu iliyoitwa Kunjua. Kunjua ilipita kwenye safu ya namba za kila mtu, moja baada ya nyingine, na ikikuta 359 imefuatwa na 2, haikudhani mtu karudi utotoni. Ilielewa kwamba amevuka, ikamwongezea duru nzima.

Sikudhani aliifungua safu ya Bi Mwamvua huku akimtikisa Chausiku mgongoni. Namba zilipanda vizuri, zikavuka, zikapanda, zikavuka. Kisha likaja pengo. Kabla ya pengo, 40. Baada ya pengo, 290. Na pale pale umri wa Bi Mwamvua ulikuwa umeshuka kama ndoo iliyokatika kamba.

Akahesabu mapengo. Yalikuwa kumi na moja. Bi Mwamvua alikuwa na watoto kumi na mmoja.

Akafungua safu yake mwenyewe. Pengo moja. Chausiku alikuwa mmoja.

"Bwana Pandu!" akaita. "Hebu njoo uone."

Bwana Pandu, mkuu wa ofisi na mjumbe wa Baraza, ndiye aliyeiandika Kunjua, na alikuwa akiitaja mara nyingi kuliko alivyowataja wanawe. Akaja na kikombe chake cha kahawa.

"Hizi ni arobaini za uzazi," Sikudhani akasema, akionyesha mapengo. "Mzazi anavuliwa bangili kwa sababu anakandwa maji ya moto, na bangili haistahimili maji ya moto. Anaivaa tena akitoka nje. Sasa tazama. Alivua ikiwa 40, kavaa ikiwa 290. Kasogea digrii mia mbili na hamsini."

"Haiwezekani. Nimeandika wazi: kati ya kipimo na kipimo, mwili hauwezi kusogea zaidi ya nusu duara. Ukiona umezidi, ujue kapita upande wa pili, ulio mfupi."

"Ndiyo hivyo, Bwana. Fikiria mtu anazunguka kisima. Umemwona upande huu, ukasinzia, ukaamka ukamwona kule. Hujui kapitia kulia au kushoto. Wewe umeiambia programu ichague njia fupi. Njia fupi hapa ni kurudi nyuma digrii mia na kumi. Kwa hiyo kila mwanamke akizaa, Kunjua inaamini amerudi ujanani. Inampokonya duru nzima. Miaka minne kwa kila mtoto!"

Bwana Pandu akacheka. "Mama Chausiku, unataka kuniambia uzazi mmoja unamzeesha mtu karibu miaka mitatu? Ndani ya arobaini?"

"Mimi sisemi. Muulize mkeo."

Akampigia mkewe kwa bangili. Hakuwasha sauti ya nje, lakini haikuhitajika.

"MITATU TU?" ikasikika mpaka kwenye korido, na maneno mengine yaliyofuata, ambayo Bwana Pandu aliyapokea akiwa amefumba macho, akiitikia, "Naam. Naam, mama watoto. Naam."

Alipokata akakohoa. "Rekebisha," akasema.

Ilionekana kazi rahisi. Sikudhani aliandika mstari mmoja: mwili haurudi nyuma kamwe, ukiona namba imeshuka, ongeza duru. Akaijaribu pembeni, mbali na bangili za watu.

Jibu la kwanza lilisema Bwana Pandu ana miaka mia nne hamsini na nane.

"Mimi?" Bwana Pandu akauliza.

"Unalala vizuri mno, Bwana. Mtu akipata usingizi mzuri, damu inapumzika, pembe inarudi nyuma digrii moja au mbili. Programu inadhani umevuka. Kila ukisinzia mchana nimekuongezea miaka minne."

Na Chausiku, mwenye miezi mitano na kazi yake kulala, alikuwa na miaka tisini na sita. Baraza zima lingepaswa kupanga foleni kumwamkia. Bwana Pandu akamtazama mtoto kwa wasiwasi, naye mtoto akacheua begani mwa mama yake.

Sikudhani akafuta, akaanza upya. Alasiri nzima alihangaika, hadi akapata kanuni iliyosimama: palipo na vipimo vya kila siku, fuata njia fupi, maana mwili hauruki; palipo na pengo la arobaini, songa mbele tu, maana hakuna mzazi aliyetoka ndani akiwa kijana zaidi. Akajaribu. Bi Mwamvua akawa sitini na tatu. Bwana Pandu akarudi hamsini na nane na kushusha pumzi.

"Kesho saa mbili tunaiwasha," akasema. "Daktari akifunga orodha yake saa nne, mama yule awemo. Umefanya kazi nzuri, mama Chausiku. Madarasa yale ya jioni unayosoma siyadharau tena."

*

Sikudhani alirudi nyumbani akiwa na hamu ya kumsimulia mama mkwe wake. Akafungua mlango.

"Usipite hapo!" Bi Havijawa akapaza sauti. "Hapo ni angani!"

Alikuwa amekaa kitako juu ya kibao cha mbuzi katikati ya jiko, mwiko mkononi, miguu imekanyaga vifuniko viwili vya sufuria. Kichwani alifunga kanga kwa mtindo wa kofia ya marubani. "Upepo unatoka kushoto. Nainamisha bawa. Navuta, navuta… Haya, nimetua. Sasa pita."

Mji ule hakuna alichokitaka mtu kuliko kurusha tiara za vumbi, zile tiara kubwa za kubeba watu zinazopanda na dhoruba kwenda kutafuta barafu kaskazini. Shule ya marubani ilipokea watu wasiozidi miaka thelathini na miwili. Bi Havijawa, aliyekuwa hajawahi kukaa darasani tangu alipoolewa, aliamka siku moja bangili ikimwambia ana thelathini na mmoja, na kabla chai haijachemka alikuwa ameshakwenda kujiandikisha. Mtihani wa kuruka ulikuwa kesho, saa tatu asubuhi.

Furaha ya Sikudhani ikazimika. Namna gani hakufikiria? Saba. Mama huyu alikuwa na watoto saba.

"Mbona umesimama kama umemwagiwa maji?" Bi Havijawa akamfungua Chausiku na kumpakata. "Njoo, mjukuu wangu. Njoo kwa rubani. Siku, chakula kipo. Kula, uso umekusinyaa."

Huyu ndiye aliyemkanda. Ndiye aliyemwamsha alfajiri kwa uji wa pilipili manga, akamfunga tumbo, akamwambia lia, mwanangu, kila mzazi hulia, mimi nililia mara saba. Sikudhani hakuweza kula.

"Mama," akasema, "bangili imekosea."

Akamweleza yote: kisima, njia fupi, mapengo. Bi Havijawa alisikiliza bila kumkatiza, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo mimi nina mingapi?"

"Hamsini na tisa, Mama."

"Hamsini na tisa." Akayavua vile vifuniko miguuni, kimoja kimoja, kama mtu anayevua viatu baada ya harusi. "Nilijua. Magoti hayadanganyi. Lakini mashine ikikwambia wewe kijana, Siku, nani atakataa? Wewe ungekataa?"

"Nisingekataa."

"Kila nilipotaka kusimama kulikuwa na mtu kashika gauni langu. Sijuti. Nawapenda wote, hata huyo mumeo asiyejua kufua soksi. Lakini miezi hii minne kuna kijana pale shuleni anasimama mbele ya watu na kusema, 'Mwanafunzi Havijawa, jibu.' Si mama fulani. Si bibi fulani. Havijawa. Na ninajibu, Siku. Najibu sawasawa."

Sufuria lilikuwa linachemka, hakuna aliyelitazama.

"Hiyo programu yako," Bi Havijawa akasema polepole, "haiwezi kumruka mtu? Mstari mmoja tu?"

"Inaweza."

"Ahaa."

"Mama, unataka…"

"Sikuombi kitu." Akainuka, akageukia jiko. "Nimeuliza tu kama inaweza."

*

Asubuhi Sikudhani aliwahi kazini na kuandika mstari mmoja mdogo, chini kabisa ya programu, mahali ambapo Bwana Pandu asingefika kwa uvivu: *ukikuta Havijawa binti Kombo, mruke.* Aliuandika haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mtu mmoja tu. Nani angeumia?

Alipoinua macho, ofisi ilikuwa imejaa wanawake. Mke wa Bwana Pandu hakuwa mtu wa kukaa na habari.

"Mimi niongezewe yangu yote, hata sumni isibaki!" akapiga kelele mama mmoja wa watoto tisa. "Wifi yangu anaitikia shikamoo zangu kwa pua!"

Bi Rehani, mtalaka wa watoto wanne, alijipenyeza mpaka mezani na kuinama sikioni mwa Sikudhani. "Mdogo wangu, nistiri. Mimi niruke. Nina mchumba, nimemwambia nina ishirini na sita."

"Bi Rehani, una watoto wanne. Huyo mchumba anadhani uliwaokota?"

"Anadhani nilianza mapema! Ndoa ni wiki ijayo, Siku. Miaka kumi na sita tu, unanipotezea mume?"

Sikudhani alimhurumia kweli. Aliona wanja ulivyopakwa kwa uangalifu, na mkono uliokuwa ukibana ukingo wa meza. "Siwezi, dada yangu," akasema. "Siwezi kumruka mtu. Nikimruka mmoja…"

Hakumaliza. Alisikia sauti yake ikitoka, na masikio yake yakaona haya.

Bi Rehani akaondoka akifuta macho. Sikudhani akageukia kioo na kuangalia majibu ya majaribio. Mji mzima ulikuwa umekaa sawa, mama juu, watoto chini, isipokuwa nyumba moja. Pale Havijawa binti Kombo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mwanawe wa kwanza thelathini na sita. Ili mama yule abaki kijana, ilibidi mashine iseme wale saba hawakupita kwenye mwili wake. Kwamba kila usiku wa uchungu alikuwa amelala tu.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Bi Mwamvua alikuwa kwenye benchi, miguu imenyooka mbele kama vijiti, akimtazama.

Sikudhani akaufuta ule mstari.

Akawasha.

Mji ukaanza kunguruma. Bangili zililia sokoni, kiwandani, kwenye mabomba. Wanaume walishika mikono yao na kugeuka huku na huku wakitafuta wa kumwamkia, wakawakuta wake zao. "Shikamoo," akasema fundi wa hewa kwa mkewe, mlangoni mwa ofisi, macho yamemtoka; naye mkewe akajishika kiuno, akavuta pumzi ndefu, na kuitikia "Marahaba" ambayo ilikuwa ikisubiri tangu mtoto wa tatu. Mjukuu Mbarouk alionekana akija mbio, mkono unamruka kama kuku aliyechinjwa. Bi Mwamvua alimwacha angoje. Akamwacha mpaka machozi yakamtoka ndipo akasema, "Marahaba. Sasa nibebe unipeleke kwa daktari."

Bwana Pandu alitoka chumbani kwake polepole. "Mama Chausiku. Baraza ni watu saba walio wakubwa kuliko wote mjini."

"Ndiyo, Bwana."

"Jana nilikuwa wa saba. Leo mimi ni wa kumi na nne. Wanawake saba wametupita wote, hata wale sita waliokuwa mbele yangu."

Sikudhani hakuwa na muda wa kumpa pole. Alishamfunga Chausiku mgongoni, alishafika barabarani.

*

Banda la tiara lilikuwa ukingoni mwa kuba la mji. Tiara zilikuwa zimepangwa mbele ya lango, mabawa yanapumua, na kwenye ya tatu alikuwa amekaa Bi Havijawa, mikanda imefungwa, kofia ya hewa imeng'aa kichwani. Mbele yake alisimama mwalimu Ussi, kijana mwembamba, ameushika mkono wake unaotetemeka kwa mkono mwingine.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba."

Mkono ukatulia. Kijana akabaki anaangalia viatu vyake. "Mama, mimi… wewe ndiye mwanafunzi wangu bora. Naapa. Lakini sheria ya Baraza inasema thelathini na miwili."

"Najua inavyosema. Niliisoma kabla yako."

"Naomba… kama hutajali… ushuke."

Bi Havijawa alifungua mkanda wa kwanza, kisha wa pili. Alishuka mguu mmoja mmoja, akikataa mkono alionyooshewa, akavua kofia, akampa. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka aliposimama Sikudhani, akanyoosha mikono, akamchukua Chausiku. Hakumtazama mkwewe.

Lango likafunguka upande wa pili wa kioo. Tiara zikaondoka, moja, mbili, ya tatu ikabaki peke yake.

"Yule kachelewa kuinua pua," Bi Havijawa akasema. "Unaona? Atapigwa na upepo wa korongo. Haya, kapigwa. Nilijua."

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana."

Sikudhani alilia kimya kimya. Chausiku alinyoosha kidole kwenye kioo na kufuata tiara zilivyopungua, zikawa kama ndege, zikawa kama inzi.

"Ungeniruka," Bi Havijawa akasema mwishowe, "ningepaa leo, halafu kila nikitua ningekuona usoni. Nami ninakujua, huwezi kuficha hata sukari." Akamfuta mtoto udenda kwa ncha ya kanga. "Basi nitakukasirikia mpaka saa kumi. Zaidi ya hapo sina nafasi, nina kikao."

"Kikao gani, Mama?"

Bi Havijawa akageuza mkono wake wa kushoto na kumwonyesha bangili. *Havijawa binti Kombo, umri miaka hamsini na tisa, wa saba mjini. Unaitwa Barazani.*

"Mwamvua ndiye mwenyekiti, tutakaa wodini, miguu yake itakuwa imetundikwa juu. Tuko saba, na wote wazazi. Ajenda yao siijui." Akageuka kumtafuta mwalimu Ussi, aliyekuwa bado amesimama kando ya ile tiara tupu, ameikumbatia kofia ya hewa bila kujua aipeleke wapi.

"Kijana," akamwita.

"Naam, mama."

"Hiyo kofia usiiweke mbali."